Siku Niliyoita Mnyoo Mafuta

Kuna mambo mtu anataka aende nayo kaburini, na hii ningeenda nayo kabisa, lakini walioiona bado wako hai huko Myanga, na tukikutana kwa matanga wanaangalia chini ndiyo wasinicheke usoni, basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko muisikie kwao ikiwa imeongezwa chumvi. Nilimlisha mkwe wangu mnyoo. Haya, nimesema. Na hiyo si hata ndiyo aibu yenyewe, aibu yenyewe iko mbele, nitafika.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya themanini. Nilikuwa nakaa Kitale, upande wa chini karibu na mto, kwa shamba ya eka moja na kidogo (hiyo kidogo ilikuwa matope tupu), na kazi yangu ilikuwa kusaga mahindi kwa kinu cha Mhindi mmoja mzee mwenye kilemba, sisi wote tulimwita Sardarji. Mke wangu, mama Naliaka, alikuwa ametuacha mwaka uliotangulia. Homa ya siku nne, basi. Baada ya matanga watu wake walikaa wakasema ati mwanaume peke yake hawezi kulea msichana wa miaka sita, wakamchukua Naliaka wangu wakaenda naye kwao Myanga, na mimi nikakubali, kwa sababu ningesema nini bana, hata chai nilikuwa naunguza.

Mtu ambaye hajawahi kukaa kwa nyumba haina watu hawezi kuelewa. Unatoka kazini jioni umejaa unga mpaka kwa kope, unafika mlangoni unasema "hodi" kwa nyumba yako mwenyewe (nilikuwa nasema, siwezi kuwaficha), na hakuna wa kukuambia karibu. Unasonga ugali ya watu watatu kwa sababu mkono umezoea hivyo, inabaki, asubuhi unaikula baridi. Kitu pekee iliyokuwa inanisalimia kwa hiyo boma ni jogoo. Jogoo mmoja mwekundu, mama Naliaka alimnunua soko ya Naitiri akiwa kifaranga, akambeba kwa kikapu pamoja na vitunguu. Huyo akiwika asubuhi mimi nikiwa kitandani namjibu, "Nimesikia, bana, naamka." Najua mtu mzima haongei na kuku. Lakini msipojua habari ya huyo jogoo hamtajua mbona mambo yaliharibika, kwa sababu yaliharibikia hapo.

Halafu kulikuwa na kidimbwi. Bwana Samaki (hivyo ndivyo tulimwita yule mtu wa serikali wa mambo ya samaki, alikuwa na pikipiki na buti refu) alikuja kwa baraza akatuambia mtu yeyote mwenye matope achimbe kidimbwi, atapewa vifaranga vya ngege, wale samaki wa ziwa, mboga itakuwa nyumbani. Mimi matope nilikuwa nayo. Nikachimba jioni baada ya kazi, miezi miwili, na niseme ukweli, nilichimba ili nisiingie ndani ya nyumba mapema. Samaki wakakua. Wakaja na ndege, wale weupe wenye miguu mirefu, yangeyange, wanasimama kwa ukingo siku nzima wanadumbukiza mdomo majini. Jirani yangu akaniambia, "Wewe, fukuza hao ndege, watakumalizia samaki." Bwana Samaki naye aliniambia hivyo hivyo, tena akaniambia nitoe zile nyasi zenye konokono. Mimi nikasema wacha wakae, wanakula kidogo tu, na ukitoka kazini ukipata kitu imesimama inakuangalia ni afadhali kuliko hakuna.

Sasa siku moja nikiwa kinuni nikaletewa ujumbe kutoka Myanga. Mzee Makokha, ndugu ya marehemu baba mkwe, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa ile familia yote, alisema Jumamosi watakuja waone boma, waone kama mtoto anaweza kurudi kwa baba yake. Nilisikia hiyo maneno nikakaa chini kwa gunia la mtu. Sardarji akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, mtoto wangu anarudi.

Nilifagia mpaka nikafagia barabara ya watu. Nikapaka ukuta udongo mpya, nikanunua kikombe cha Naliaka cha rangi ya samawati chenye ua. Ikabaki mambo ya chakula. Na kwetu hiyo hata mtoto anajua: mkwe akija kwako unachinja kuku, na ile firigisi, imondo, unaiweka juu kabisa ya sahani ya mkubwa wa wageni, ndiyo ajue umemheshimu. Hakuna njia ingine. Na kuku niliyekuwa naye ni mmoja.

Ijumaa jioni nilitoka na kisu. Jogoo alikuwa amepanda juu ya mkokoteni, akaniangalia na jicho moja. Nikasimama hapo. Nikafikiria asubuhi ya Jumapili, kama hawa watu wakikataa kuniachia mtoto, nani ataniamsha? Nikarudisha kisu ndani. Nikaanza kujidanganya vizuri sana: ati kuku kila mtu anachinja, ati samaki wa kidimbwi changu mwenyewe ndiyo itaonyesha mimi ni mwanaume wa maendeleo, ati Naliaka atafurahi akikuta baba yake ako na samaki. Nikamwambia jogoo, "Umepona, wewe." Mimi ndiye nilikuwa siponi.

Asubuhi ya Jumamosi nikavua ngege kumi wazuri. Nikapara magamba, nikatoa matumbo, na nikipasua mmoja nikaona kwa nyama, karibu na mgongo, kuna vitu vidogo vya njano, ukubwa wa punje ya mtama, vimejificha huko ndani. Kwa huyu vitatu, kwa yule vitano. Na jameni, mimi ni mtu wa mahindi. Samaki niliyekua nikimjua ni yule wa sokoni, amekaushwa mpaka amekuwa mweusi, hana kitu cha kuonyesha ndani. Mtu wa ziwa angeviona angemwita mwenzake waulizane. Mimi nikaviangalia, roho yangu ikaniambia pole pole, "Hiyo kitu si mzuri," na mimi nikaiambia roho yangu, "Hiyo ni mafuta. Samaki wamenona." Nikapaka chumvi.

Hata hivyo ningewapika vizuri pengine hakungekuwa na maneno. Bwana Samaki alikuwa amesema samaki wa kidimbwi anachemshwa mpaka nyama iachane na mfupa. Lakini usiku ilikuwa imenyesha, kuni zimelowa, na wageni niliowangojea saa saba wakabisha saa tano, moto bado ni moshi tu. Nikakimbilia makaa. Na sisi watu wa huku tunachoma nyama kwa kuangalia rangi, ikishakuwa nyekundu nyekundu nje, mtu anasema imeiva, lete chumvi. Nikawachoma wale ngege hivyo hivyo. Nje wakawa wazuri ungewapiga picha. Ndani hata mimi sijui walikuwaje, sikuangalia.

Wageni walikuwa watatu. Mzee Makokha na koti lake na fimbo na mfuko wa kaki. Mama mkwe. Na Naliaka, amerefuka, jino moja la mbele hakuna, ananipa mkono kama mgeni, "Shikamoo, Baba." (Kwetu hata hatuambiani shikamoo nyumbani, hiyo alifundishwa shule.) Nikamshika mkono, nikamuuliza kama barabara ilikuwa na matope.

Mama mkwe hakuingia. Hiyo si madharau, ni mila: kwetu mama mkwe na mkwewe hawaangaliani usoni, hawashikani mkono, na yeye hawezi kula kwako. Nilikuwa nimekaa na binti yake miaka minane na sijawahi kumwangalia macho. Akapelekewa kiti nyuma ya nyumba, karibu na ghala, akakaa ametupa mgongo, anasikiliza kila kitu kupitia dirisha. Alikuwa amekuja kusikia na masikio yake, na huyo ndiye alikuwa wa kuamua, msidanganywe na koti la Makokha.

Mwanzo ulikuwa mzuri, jameni. Naliaka alizunguka kidimbwi akaniuliza, "Hawa ndege ni wako?" Nikamwambia ni wetu. Akacheka na lile pengo lake. Nilipomwonyesha kikombe chenye ua alikishika na mikono miwili hakukiweka chini mpaka tulipokaa kula. Mzee Makokha akaangalia ukuta, akagonga mlango na fimbo kuona kama ni imara, akasema, "Hmm. Si mbaya." Kutoka kwa Makokha hiyo ni sifa.

Tukakaa. Nikaleta ugali, nikaleta ngege. Mzee akaangalia sahani yake. Akaiangalia kidogo tena, anatafuta firigisi, unajua. Akaomba, maombi marefu, na katikati ya maombi, pale alipokuwa anambariki mwenye nyumba kwa ukarimu wake, yule jogoo akasimama dirishani kabisa, akawika. Kokoriko! Mzee akanyamaza. Akafungua jicho moja.

"Kumbe jogoo ako," akasema.

"Ako, mzee," nikasema. "Huyo ni wa mbegu."

"Wa mbegu. Na kuku jike ziko wapi?"

Nikasema, "Tukule, mzee, isipoe."

Sasa huyu mzee alikuwa na tabia ya kutafuna macho yakiwa yamefungwa. Akaanza ngege yake ya kwanza, pole pole, macho fumba, anamumunya mifupa. Mimi namwangalia yeye, simwangalii mtoto. Ndipo nikasikia Naliaka, na sauti ile ndogo ya mtu anayejua yuko mbele ya wakubwa, "Baba, hii kitu ya njano inatembea."

Nikasema, "Hiyo ni mafuta."

Akaangalia tena, akainamisha kichwa karibu na sahani. "Baba, mafuta haitembei."

Na hapa ndipo aibu yangu iko. Kwa sababu niliona. Nawaambia niliona, sikuwa kipofu, kile kitu kilikuwa kimetoka nusu kwa nyama na kinajinyoosha, kinajikunja, pole pole, joto lilikuwa limekiamsha. Niliona, na nikafikiria Makokha, na mama mkwe dirishani, na kikombe chenye ua, nikamwambia mtoto wangu na sauti kali ambayo sijawahi kumwambia nayo, "Nyamaza. Kula chakula." Na ili nimwonyeshe, nikamega pande kubwa kwa sahani yangu mimi mwenyewe nikameza bila kutafuna, nikasema, "Umeona? Tamu." Na yeye akaniangalia, macho yamejaa maji, na kwa sababu mimi ni baba yake akachukua ile nyama akaiweka mdomoni.

Wakati huo huo Makokha akafungua macho ili achukue ngege ya pili. Sijui kwa sahani yake wanaotembea walikuwa wangapi. Nilisikia tu kiti ikianguka. "Woi! Woi! Ni nini hii?" Mzee mzima wa heshima akatoka mbio mkono mdomoni, akazunguka nyumba kutafuta mahali pa kutapikia, na mahali alipopata ni pale pale nyuma, kando ya ghala, mbele ya miguu ya mama mkwe. Mama mkwe naye akaruka, akakimbilia upande wa mbele, mimi nami natoka na maji ya kumpa mzee, tukagongana mlangoni uso kwa uso. Miaka minane. Ndiyo mara ya kwanza nilijua macho ya mama Naliaka yalitoka wapi.

Mama mkwe alinipita kana kwamba mimi ni nguzo, akaingia kwa nyumba ambayo mila ilimkataza kuingia, akaweka kiganja chake chini ya mdomo wa mtoto, akasema, "Tema." Naliaka akatema kwa kiganja cha nyanya yake. Mama mkwe akaangalia kile kiganja. Halafu akamshika mkono wakatoka.

Nikawafuata mpaka kwa njia nikisema mzee samahani, mzee ngoja nichinje jogoo sasa hivi, na jogoo mwenyewe anatufuata nyuma (hakuwa na akili hata kidogo). Makokha akasimama, amejifuta mdomo na kitambaa, uso umekuwa wa majivu. Akainua mfuko wa kaki ambao nilidhani ni wa safari. "Baba Naliaka," akasema, na hakusema kwa hasira, afadhali angesema kwa hasira. "Hizi ni nguo zake. Zote. Tulikuwa tumekuja kumwacha leo."

Wakaenda. Kikombe kilibaki juu ya meza, kimejaa maji hayakunywewa.

Mnadhani imeisha hapo. Mimi pia nilidhani. Baada ya siku mbili koo ikaanza kunikuna. Kwanza kidogo, nikasema ni unga. Halafu nikaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha kutafuta kitu na kutokipata, nakohoa nikisaga, nakohoa nikila, nikinyamaza nasikia kama kuna kitu imenishika huko nyuma ya ulimi na haitaki kuachilia. Nilinunua dawa ya kikohozi chupa nzima nikaimaliza. Wapi! Jumapili kanisani, mimi ni wa sauti ya chini kwa kwaya, tukafika kwa wimbo mahali ambapo sauti ya chini inabaki peke yake, nikafungua mdomo nikabweka. Watoto wakacheka. Wakubwa hawakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mnajua kikohozi kisichoisha wakati huo watu walikuwa wanakiita nini. Mtu wa kulia kwangu akasogea. Wa kushoto akakumbuka amesahau kitu nje. Jumapili ile niliketi kwa benchi la watu wanane nikiwa peke yangu, na nilikuwa nimekuja kanisani ndiyo nikae na watu.

Jumatatu Sardarji akasimama mbali kidogo akasema, "Wewe enda hospitali kwanza. Wateja naogopa. Ukipona, kuja, kazi iko." Alikuwa mtu mzuri, simlaumu, nani anataka unga umekoholewa? Na habari za Kitale zinafika Myanga kabla ya mtu kulala. Jumatano nikapata barua ya Makokha, mistari miwili: wamesikia nina kifua, nisiende huko wala nisitume mtu, mtoto atakaa kwao. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaikunja nikaiweka ndani ya kile kikombe.

Alhamisi nikaenda dispensari. Foleni imefika nje, na chumba cha daktari hakikuwa na pazia, mlango wenyewe haufungi, kwa hivyo kila mtu anaona kila mtu. Daktari kijana akaniambia nifungue mdomo, akamulika na tochi, akaniambia sema aaa, nikasema aaa. Akamulika tena.

"Mzee, ulikula samaki hajaiva?"

"Nilimchoma, daktari."

"Ulichoma ngozi," akasema. Akachukua koleo ndefu nyembamba, akaniambia nisimeze, nikasikia kitu ikivutwa, ikakataa, ikavutwa, nikatoa sauti ambayo sitaki kuifikiria, na akatoa. Akaiweka kwa kisahani. Ilikuwa na urefu wa ukucha, na ilikuwa hai. Mama mmoja pale mlangoni akapiga kelele, "Yesu! Ni kitu na uhai!" na foleni yote ikavunjika, wagonjwa wazima wamesimama wanachungulia kisahani changu, na mimi katikati nimeketi machozi yananitoka na mate yananitoka, bado nimefungua mdomo, sijaambiwa nifunge.

Daktari akanielezea. Huyo mnyoo nyumbani kwake ni kwa koo la wale ndege wa majini. Ndege akidumbukiza mdomo mayai yanaanguka majini, watoto wake wanaingia kwa konokono, wakitoka kwa konokono wanaingia kwa samaki, wanakaa kwa nyama wakingoja ndege amle huyo samaki. "Akipikwa vizuri anakufa, hana maneno," akasema. "Wewe ulimmeza mzima, akatafuta koo. Hakujua ni ya mtu." Nikamuuliza kama ni TB. Akacheka, akasema kifua changu hakina kitu. Nikamwambia aniandikie. Akaniandikia. Nikamwomba pia huyo mnyoo, akaniangalia sana, halafu akamtia kwa ile chupa yangu ya dawa ya kikohozi niliyokuwa nimekuja nayo, akaongeza dawa ya kumhifadhi.

Njiani nilifikiria kitu kimoja, nikacheka peke yangu barabarani mpaka watu wakapisha njia. Tangu mama Naliaka atuache, mgeni aliyekaa kwangu siku nyingi kuliko wote ni huyo mnyoo.

Jumamosi nikaenda Myanga. Nilikuwa nimekatazwa, nikaenda. Mfuko mmoja wa koti ulikuwa na karatasi ya daktari, wa pili chupa, na kwapani nilikuwa nimembeba jogoo, miguu imefungwa na kamba ya gunia. Alikuwa ananyamaza kabisa. Sikumwambia kitu, ningemwambia nini?

Nilisimama kwa lango, sikuingia, mpaka Makokha akatoka. Nikampa karatasi kwa mbali. Akavaa miwani, akasoma, akageuza akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu. Nikaweka chupa kwa meza pale nje. Akainama.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mzee."

"Na mimi nilikula wangapi?"

"Mzee, daktari amesema kama ungekuwa na mmoja angeshakukohoza." Mzee alikuwa amekunywa maji ya chumvi wiki nzima na hakupatwa na kitu. Lakini habari ilishatoka, majirani wakaja, watoto wa shule wakaja, wakapanga mstari kuangalia mnyoo wa mkwe wa kwa Makokha, nyanya mmoja akauliza kama anauma, mwingine akauliza nilimpa jina gani. Nilisimama hapo wakanicheka mpaka wakachoka. Nilikuwa nimekuja kuchekwa, nilijua, na nilikuwa nangojea mtu mmoja tu.

Naliaka alikuwa amesimama nyuma ya nguzo ya jikoni. Nikamwita. Akaja hatua mbili akasimama. Nikachuchumaa mbele ya wale watu wote (na mnajua kwetu mwanaume hamwombi mtoto msamaha, hata akiwa amekosea anampa peremende tu yaishe), nikamwambia, "Ulisema inatembea. Ilikuwa inatembea. Mimi niliiona, na nikakuambia ukule. Nilikosa, mama. Wewe ulisema kweli." Hata waliokuwa wanacheka wakaangalia kando.

Akaangalia chupa muda mrefu. Akaniuliza, "Ilikuuma?"

Nikasema, "Iliniuma."

Kutoka jikoni, nyuma ya ukuta, nikasikia sauti ya mama mkwe, hasemi na mimi, anasema na Makokha ambaye alikuwa karibu nami kuliko yeye. "Mwambie huyo mtu, mtoto atakaa hapa. Hapa kuna mtu wa kumwangalia sahani." Nikasikia akifunika sufuria. "Mwambie pia mwezi wa nane, shule ikifungwa, atakwenda kwake wiki mbili. Na mwambie achemshe."

Walimchinja jogoo. Na kwa sababu siku hiyo mimi ndiye nilikuwa mgeni, firigisi ikaja juu ya sahani yangu, Makokha mwenyewe ameiweka hapo na mkono wake. Sikuweza kuila. Niliikata nikampa Naliaka nusu, ingawa firigisi si ya wasichana, na hakuna mtu aliyesema kitu. Aliigeuza kwanza na kidole, akaiangalia huku na huku. Halafu akala.

Jioni nilirudi Kitale bila mtoto na bila jogoo. Asubuhi yake niliamka saa nne jua limeshaingia kwa godoro, nikalala hapo nikisikiliza, hakuna kitu. Kidimbwi nilikifukia mwaka huo huo. Ndege wakasimama kwa udongo mkavu siku tatu, wakaenda.

Hakurudi kukaa, niwaambie ukweli, alikuja likizo tu, wiki mbili wiki mbili, na sasa ako kidato cha tatu na amenipita urefu. Mimi nimejifunza kupika, ungeonja ungeshangaa. Lakini mpaka leo nikimwekea chakula anakigeuza kwanza na kijiko, pole pole, upande huu na upande ule, halafu ananiangalia. Sijawahi kumkataza. Akisema, "Baba, hii ni nini?" naacha sahani yangu, nainuka, nazunguka meza, nainama naangalia na macho yangu kabla sijamjibu.